Akala Mlangoni kwa Mwalimu Han

Bhoke, niliyefundisha naye Kehancha mwaka 1994, alikuwa mpenzi wa Mwalimu Han, Mkorea aliyefundisha hisabati. Nyumbani kwa Han, kila aliyeingia alivua viatu mlangoni. Baba yake Bhoke alikataa kuingia.

"Mimi nivue viatu kwa huyo Mchina wako?"

"Baba, ni Mkorea."

"Ni yule yule. Ukikubali posa yake, nitakuja kukutoa mwenyewe."

Mzee alifariki kabla ya mavuno. Bhoke ndiye aliyemvisha akala zake za tairi azikwe nazo, zile ambazo mzee mwenyewe alizishona kamba kwa waya wa buluu.

Matanga yalipokwisha, Bhoke akakubali posa. Jioni hiyo alimpelekea Han maziwa, mvua kubwa ikamzuia kurudi. Upepo ukazima taa. Gizani walisikia kiatu kikianguka mlangoni, halafu cha pili.

"Hukufunga?" Bhoke aliuliza.

"Nimefunga."

Han akawasha kiberiti. Komeo lilikuwa mahali pake. Kando ya viatu vyao palikuwa na akala zenye waya wa buluu, zimeelekezwa ndani. Bhoke aliinama akazigusa. Zilikuwa bado na joto la miguu.