Aliyerudia Hesabu ya Vipepeo

Haya yalimpata mjomba wangu, kaka wa mama yangu, nami nayaandika kwa mfuatano uleule alionisimulia.

Mjomba alikuwa mtunzaji wa vipepeo katika jumba la makumbusho, akiwachoma pini mgongoni na kuwapanga sandukuni, hadi alipostaafu. Kila kiangazi, saa tatu asubuhi, jua likishapasha nyasi joto, alikipanda kilima kilicho nyuma ya nyumba yake kwenda kuwatafuta na kuwahesabu. Kazi hiyo hufanywa na watu wawili: mmoja hutangulia akimtaja kila kipepeo anayemwona; wa pili hufuata nyuma, hurudia kwa sauti, kisha huandika. Nayo ina kanuni moja kuu: anayehesabu hageuki, kwa maana aliyekwisha kupitwa akihesabiwa tena, takwimu zote huharibika.

Kwa miaka ishirini na sita mwandishi wake alikuwa mkewe. "We mzee," mkaza mjomba alizoea kumtania, "huyo ni kipepeo au ni ganda la peremende?" Alipofariki, mjomba aliendelea peke yake. Alitaja, akanyamaza kwa muda wa pumzi moja, pale ambapo jibu lilistahili kuwapo, ndipo akaandika mwenyewe.

"Mazoea yana taabu, mpwa wangu," aliniambia.

Asubuhi ya mkasa huu hapakuwa na upepo. Kwenye kichaka cha kwanza alitaja: "Weupe, wawili."

"Weupe, wawili," ikajibu sauti nyuma yake.

Hakugeuka. Hofu, alisema, ilikuwa ndogo; kilichomjaa ni shukrani. Kwa miezi kumi na minne hakuna aliyekuwa amerudia neno lake lolote. Akaendelea kupanda.

"Wa manjano, mmoja."

"Wa manjano, mmoja."

Sauti ilikuwa ya mkewe. Au tuseme, alijisahihisha, ilikuwa ya mtu anayejifunza kuwa mkewe: kwa kila kichaka makosa yake yalipungua kwa moja.

Karibu na kilele akajaribu utani. "Huyo si ganda la peremende, mke wangu?"

Kisha, polepole: "Ganda. La peremende."

Haikucheka.

Hapo ndipo alipotambua kwamba hakuwa amesikia hatua. Nyasi nyuma yake hazikulia hata mara moja. Vichaka vilikwisha. Vipepeo walikwisha.

"Mmoja," ikasema sauti. Kwa mara ya kwanza ilitangulia.

"Yupi?" akanong'ona. "Sioni kitu."

"Huyu aliye mbele yangu."

Akashuka mbio upande wa pili wa kilima, bila kutazama nyuma.

Nilimkuta jikoni saa saba mchana, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Katikati ya mgongo palikuwa na tundu jembamba, upana wa pini, lililopenya shati, fulana na ngozi. Halikutoa damu. Muuguzi aliyempima alasiri alilitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kilichomchoma kilizama ndani kuliko inavyowezekana kwa mtu ambaye bado anapumua.

Jioni nilimsihi. "Mjomba, kesho nitakuandikia mimi. Tafadhali, usipande peke yako."

Alinishika mkono. Alikuwa akitabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu msiba.

"Lakini sipandi peke yangu, mpwa wangu."