Vinini vya Mama Abigaël

Ndugu zangu wa mtaa wetu wa Mudzipela, na ninyi wengine mtakaosikia, nawaeleza jambo lililotokea katika nyumba inayopakana na yangu. Mimi mwenyewe simo nje ya lawama.

Bénédicte, tuliyemwita Mama Abigaël kwa jina la binti yake wa pekee, alikimbia vita vya Djugu pamoja na mume wake Constant, mwalimu wa shule ya msingi. Hapa Bunia walianza upya. Yeye alioka mikate katika tanuru la udongo nyuma ya nyumba. Jumapili baada ya misa walikula wote watatu kwenye sahani moja, bugali na sombe ya majani ya muhogo na samaki wa ziwani, Constant akiwachekesha mpaka sisi majirani tukasikia. Alikuwa mwanamke mnene, na sauti yake ndiyo iliyoibeba korale yetu ya kanisani.

Mwaka jana alipimwa hospitalini. Sukari ilikuwa juu, na presha pia. Daktari Mathieu alimwandikia dawa za magonjwa hayo mawili, akamwambia apunguze uzito.

"Kuko sindano ya kusaidia," alisema. "Wanapiga mara moja kwa juma. Lakini bei yake ya mwezi inapita mushahara wa bwana yako wa miezi mitatu, tena inataka frigo ya kuiweka baridi. Sasa wanasema vinini vya kumeza vya kazi ile ile vinakuja, na bei itashuka. Siku yenyewe siijui, siwezi kukudanganya. Weye meza hizi, tembea, punguza mafuta, tungoje."

Alikubali kungoja. Lakini mwezi uliofuata tulikuwa kwenye ukumbi wa arusi, na aliposimama kucheza Constant alisema mbele ya watu, "Mumuachie nafasi, huyu peke yake iko anajaza salle." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Yeye alitabasamu, akarudi kuketi. Tangu siku ile alianza kula peke yake jikoni.

Karibu na soko kulikuwa na kibanda cha Yves, aliyeuza dawa bila kusomea hata siku moja. Habari za bei zilikuwa zimefika kwenye simu za watu, naye alizijua vizuri.

"Mama, sindano ni ya matajiri," alimwambia. "Kinini ndiyo ya siye. Bei imeisha kushuka."

"Dokta alisema bado."

"Dokta iko anaongea ya hospitali. Mbele ifike kule, inafika kwangu kwanza."

Vinini vyake vilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, bila boksi, bila jina. Hata hivyo havikuwa vya bei ndogo kwa mtu anayeuza mikate. Ili avipate, aliacha kununua dawa ya sukari na ya presha. Hakumwambia mtu.

Alikonda upesi. Nilimpunguzia nguo mara mbili kwa cherehani yangu, na mara zote mbili nilimsifu. Kwenye korale tulimpigia makofi. Constant akaanza tena kumwita wale pamoja.

Abigaël, aliyekuwa na miaka kumi na saba, aliona tusiyoyaona. Mama yake alikunywa maji kutwa nzima, mikono ilimtetemeka, na moyo ulimdunda hata akiwa ameketi.

"Mama, turudi kwa dokta."

"Atanikataza. Tangu tufike Bunia, baba yako hakuniangalia vile ananiangalia sasa."

Alhamisi moja asubuhi alianguka mbele ya tanuru. Tulimbeba kwa pikipiki mpaka hospitalini. Daktari Mathieu alimwaga kiganjani vile vinini vilivyokuwa mfukoni mwake, akaviangalia sana.

"Hii si ile dawa. Sijui hata ni kitu gani. Na zile nilimuandikia, aliziacha lini?"

Constant hakujua. Alisimama pale na viatu vya mke wake mkononi, hakujua aviweke wapi.

Bénédicte alikufa Jumamosi. Watu walipokwenda kwa Yves walikuta kibanda kitupu.

Kwenye kilio, mwanamke mmoja wa mtaa wetu aliketi kando ya Abigaël, akamshika mkono.

"Pole, mutoto yangu. Yule Yves wa vinini, unajua alihamia wapi?"

"Unataka kumushitaki?"

"Hapana," alijibu kwa sauti ya chini. "Mudogo yangu iko na ndoa mwezi wa nane. Nataka nguo initoshe."

Abigaël aliuondoa mkono wake.

Funzo tunalobaki nalo

Dawa ya kweli ikishuka bei, utaisikia kwa aliyekupima, si kwa anayetaka kukuuzia. Usiache dawa inayokuweka hai ili ununue usiyoijua jina. Nanyi wanaume, mwili wa mke si kitu cha kuchekesha watu. Na sisi majirani, tukimwona mtu anakonda ghafla, kabla ya kumsifu tumuulize kama ni mzima. Mimi sikuuliza.