Hapa Ota, Pale Ngoja

Mize ana miaka sita. Kichwani hana hata unywele mmoja.

Hakunyolewa. Alizaliwa hivyo.

Kila Ijumaa jioni, kwao husukana nywele. Hukaa kwenye ngazi za baraza, mmoja juu, mmoja chini. Mama humsuka dada Rukia. Rukia humsuka binti wa jirani. Chanuo husema chwa, chwa, chwa.

Mize hukaa pembeni, ameshika chupa ya mafuta ya nazi. Kushika chupa si kazi mbaya. Lakini ishike wewe kila Ijumaa, uone.

"Mama, nami unisuke," aliomba siku moja.

Mama akampapasa kichwa, akaendelea kumsuka Rukia.

Shuleni watoto walimwita Yai. Mize hakulia mbele yao. Alikwenda kulia chooni, peke yake.

Wakati huo Mama alikuwa na mtoto tumboni. Mize aliweka mdomo kwenye tumbo, akanong'ona:

"Mtoto, njoo bila nywele. Tuwe wawili."

Mtoto akaja. Nyaa! Nyaa! Akaitwa Hidaya.

Alikuwa na nywele! Nyeusi, nyingi, mpaka shingoni.

"Mashallah, nywele hizo!" wageni walisema. Kisha walimwona Mize, wakanyamaza ghafla. Kule kunyamaza kulimuuma kuliko Yai.

Siku ya saba, Shangazi Tatu alikuja na wembe. Kwao, mtoto hunyolewa nywele alizotoka nazo tumboni. Kwaru, kwaru, kwaru.

Nywele za Hidaya zilianguka kwenye kitambaa cheupe. Shangazi akakifunga vizuri.

"Kesho tutazifukia uani," alisema. "Kichwani zitaota tena."

Mize akawaza. Zifukiwe, na mimi sina?

Akachukua kitambaa. Nyata, nyata, nyata, mpaka nyuma ya tangi la maji.

Akajipaka mafuta ya nazi kichwa kizima. Akabandika nywele za Hidaya, kidogo hapa, kidogo pale.

"Oteni," akaziambia. "Oteni, tafadhali."

Akakaa tuli. Mchicha wa Mama huota bila kelele. Labda na nywele ni hivyo hivyo.

Upepo ukaja. Fuuu!

Nywele zikapeperuka. Zilizobaki zikateleza na mafuta, zikamwingia machoni.

"Ala! Nywele za mtoto ziko wapi?" Shangazi alifoka. "Mize! Umefanya nini?"

"Wifi, niachie mimi," Mama alisema.

Mama akakaa chini, pale pale kwenye mchanga. Akamfuta Mize macho kwa upindo wa kanga.

"Zitaota, Mama?"

"Hazitaota, mwanangu."

"Mbona Shangazi anasema za Hidaya zitaota tena?"

Mama akampakata.

"Mtoto akiwa tumboni, mwanzoni ngozi yake ni tupu. Kisha sehemu za ngozi huanza kutumiana ujumbe. Ni mdogo mno, hauonekani kwa macho."

"Huo ujumbe unasemaje?"

"Mmoja unasema, Hapa, ota! Ngozi inabonyea, kinakuwa kishimo. Humo ndani unywele hupata shina. Mwingine unasema, Pale, ngoja! Nywele zisije zikabanana."

"Hapa, ota. Pale, ngoja," alisema Mize.

"Ndiyo. Shangazi amekata za juu tu. Mashina ya Hidaya yako chini ya ngozi."

"Na mimi?"

Mama akamvuta karibu zaidi.

"Kwako, ule wa ota haukufika. Ngozi yako ilingoja, ikangoja. Ukazaliwa ingali inangoja. Na vishimo vile hutengenezwa tumboni tu."

"Nilifanya kosa gani?"

"Hukufanya kosa. Wala mimi sikufanya. Haukufika tu."

Wakalia wote wawili. Hata Shangazi Tatu alijipangusa pua kwa mtandio.

Jioni, Hidaya alilia. Nyaa! Nyaa! Nyaa!

"Ana njaa," alisema Rukia.

"Ametoka kunyonya sasa hivi," alisema Mama.

"Ni kichwa," alisema Mize. "Feni inampuliza. Kichwa kitupu kinasikia baridi. Mimi nakijua."

Akavua kofia yake nyekundu, akamfunika Hidaya. Hidaya akanyamaza.

Mize akalala kando yake, kichwa kwa kichwa. Vichwa viwili vitupu!

"Tuko wawili," akanong'ona. Alifurahi mpaka akaogopa.

Tangu hapo, kila jioni alikipapasa kichwa cha Hidaya. Laini. Jioni nyingine, laini. Nyingine tena, laini.

Halafu, jioni moja, kikwaruzo.

Akapapasa tena. Kikwaruzo hapa. Kikwaruzo pale. Nywele zilikuwa zinarudi.

Mize akajisikia vibaya sana. Sasa angebaki peke yake tena.

Alijua neno la kusema. Lilikuwa mdomoni.

"Ngo..." akaanza.

Hidaya akamshika kidole, akakikaza. Hakujua chochote, maskini.

Mize akalimeza lile neno. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. Akaweka mdomo kwenye kile kichwa kidogo.

"Hapa, ota," akanong'ona. "Pale, ngoja. Hapa, ota."

Ijumaa ikafika. Mama alikaa kwenye ngazi, Rukia chini yake, binti wa jirani chini ya Rukia. Chwa, chwa, chwa.

Mize akatazama. Rukia anasukwa. Binti wa jirani anasukwa. Mama je? Nyuma ya Mama hapakuwa na mtu.

Mize akampa binti wa jirani ile chupa. Akapanda ngazi ya juu kabisa, akakaa nyuma ya Mama.

"Mama, inamisha kichwa. Nakusuka."

"Unajua, wewe?"

"Sijui. Najifunza. Za Hidaya zikirefuka, nitamsuka mimi."

Mama akainamisha kichwa. Mize akasuka msuko mmoja. Ulianzia sikioni, ukapotea, ukatokea kisogoni.

"Huo msuko au njia ya konokono?" Rukia alicheka.

Mize naye akacheka. Alikuwa hajacheka siku nyingi.

Usiku Mama aliwafunika wanawe wote watatu, akazima taa. Akalala na ule msuko uliopinda. Hakuufumua.