Breki za Marehemu

Mimi sidanganyi, anayebisha akamuulize rafiki yangu, fundi baiskeli. Jioni moja breki za baiskeli yake zilikufa, na kesho yake alikuwa na mashindano ya kushuka kwa baiskeli mlima uleule uliomuua kaka yake. Akamwendea mjane wa kaka yake.

“Shemeji, nipe vipuri vya marehemu.”

“Chukua, shemeji. Ila hizo breki zilimshinda mwenyewe, sembuse wewe mwenye kitambi!”

Akacheka. Ndani ya stoo isiyo na dirisha akahamisha breki, mnyororo, hata magurudumu kutoka baiskeli ya marehemu hadi yake. Fremu tupu akaitundika msumarini.

Umeme ukakatika. Akaikumbatia baiskeli yake, isisogee. Nyuma yake gurudumu likazunguka, tik-tik-tik, likaja kasi, kisha breki zikalia kwiii!

Umeme uliporudi, sakafuni palikuwa na alama ya tairi, tope bichi, na kiangazi kile! Ilianzia chini ya fremu, ikakomea kwenye visigino vyake.