Mgongo Wangu Mikononi mwa Baba Mkwe

Nimeshapita miaka themanini. Naishi peke yangu upande wa Kemondo, katika nyumba ya bati niliyojengewa na kaka zangu. Shule nilisoma kwa wamisheni mpaka darasa la pili, kwa hiyo wasomaji wenzangu mkiona maneno yangu hayajapangika, endeleeni tu kusoma. Mimi si mtu wa kulialia. Lakini nimesoma humu gazetini mikasa ya wanawake walioachwa kwa sababu ya pombe na mahawara, nikasema ngoja na mimi nieleze wangu. Mimi niliachwa kwa sababu ya picha...

Na aliyeniacha hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniuma.

Niliolewa Muleba nikiwa binti mdogo, wakati wa Mwingereza. Mume wangu Yosia alikuwa seremala, Mlutheri kama mimi, kijana mwenye maneno mazuri. Tukajaliwa binti mmoja, Kemilembe. Nyumba yetu ilikuwa ndani ya kibanja kimoja, yaani shamba moja la migomba na kahawa, na ya baba yake, Ta Eliazari, maana Wahaya mzee tunamwita Ta, tukitenganishwa na migomba tu.

Nyie vijana hamjui tulivyoishi na wakwe. Kwa Wahaya wa wakati ule, baba mkwe na mke wa mwanawe waliheshimiana kwa kukwepana. Sikumtazama usoni, na yeye hakunitazama. Akija kwetu alikohoa mbali, nami nikaingia jikoni. Kabla sijapata mtoto wa kutumwa kati yetu, alikuwa anamsalimia mbuzi aliyefungwa mlangoni. "Wewe mbuzi, mwambie mwenye nyumba hii kwamba ndizi za jana zilikuwa tamu." Mimi jikoni nacheka kwa kuziba mdomo. Nilimpenda mzee yule kuliko watu wengi niliowahi kuangaliana nao.

Na kama hata uso ulifichwa, mwili je? Baba mkwe kuona mwili wa mke wa mwanawe ulikuwa mwiko mzito. Watu waliogopa kwamba kuuvunja kungeleta hata magonjwa.

Miaka ile nchi yetu iligawanyika. Serikali ilisema migomba ina wadudu wanaotoboa shina, kila mwenye kibanja lazima ang'oe mashina mabovu. Wadudu walikuwepo, mimi sibishi. Lakini waliopewa kazi ya kukagua ni watu wa mwami wetu, mtawala mdogo wa chini ya mkama, mfalme wetu, na matarishi wake walikuja na mapanga na viboko. Ukiwa mtu wa mwami, mgomba wako ulikuwa mzima. Ukiwa mtu wa chama cha wale vijana waliodai haki, kibanja kizima kilikuwa na wadudu!

Ikawa vita ya wenyewe kwa wenyewe, isipokuwa bunduki hazikuwepo. Nyumba zilichomwa. Ndugu wa tumbo moja hawakuzikana. Hata kanisani watu wa mwami walikaa upande wao na watu wa chama upande wao, na mchungaji akahubiri katikati kama anayevuka mto.

Yosia alikuwa mtu wa chama.

Walikuja siku ambayo yeye alikuwa Bukoba. Wakaanza na migomba ya karibu na nyumba, ile inayotulisha. Nikamkumbatia mmoja. Ulikuwa ujinga? Labda. Nilikuwa na mtoto wa kulisha. Wakanilaza palepale kwenye majani makavu, wakanichapa mpaka nguo ikagandana na mgongo. Mmoja wao tulibatizwa naye siku moja. Yeye ndiye aliyenishika miguu.

Yosia aliporudi alilia kama mtoto. Alinikanda kwa maji ya chumvi. Halafu akasema mgongo huu lazima uonekane. Kulikuwa na wageni wakubwa wanakuja kutoka ng'ambo, kukagua jinsi Waingereza wanavyotutawala. Chama kilitaka kuwaonyesha ushahidi, kwa sababu maneno matupu mwami aliyakana yote.

Tukapanda lori la kahawa mpaka Bukoba. Kila shimo la barabara nililisikia mgongoni.

Mpiga picha aliitwa Athumani, Mwislamu wa mjini ambaye babu yake alitoka pwani. Dukani alipiga picha za maharusi. Kwa siri alikuwa akizunguka vijijini na kamera ndani ya kikapu cha samaki wakavu, akipiga migomba iliyofyekwa, nyumba zilizoungua, wazee waliovimba mikono. Alikuwa mtu jasiri, siwezi kumnyima hilo. Alimwita mkewe aje anivue nguo mgongoni, yeye akageukia ukuta mpaka nikawa tayari.

"Shemeji, tazama kule ukutani," akaniambia. "Uso wako siuhitaji. Mgongo hauna jina."

Ndipo nikasema neno langu moja. Nilimwambia Yosia kwamba wazungu waone, dunia yote ione, lakini baba yake asione.

Yosia akacheka kidogo. "Mama Kemi, baba na wazungu wapi na wapi? Picha hii inakwenda ng'ambo. Baba hajawahi kufika hata Mwanza."

"Niahidi."

"Nimeahidi. Mbele ya Athumani nimeahidi."

Nikageukia ukuta. Kamera ikalia. Nilivaa nguo yangu, mke wa Athumani akanipa chai, tukarudi nyumbani. Nilijiona nimefanya jambo la maana. Kwani sikufanya?

Wageni walichelewa kuja. Watu wakaanza kuchoka na kuogopa, wengine wakarudi kwa mwami kuomba msamaha. Chama kikaita mkutano Muleba ili kuwatia watu moyo na kuchagua kiongozi wa upande wetu. Yosia alitaka uongozi ule. Hakuniambia, lakini mwanamke anajua mume wake anapoanza kupiga pasi shati kila siku.

Wanawake tulikaa nyuma, juu ya mikeka. Wazee walikuwa mbele, Ta Eliazari kati yao na kofia yake nyeusi. Yosia akasimama kueleza mateso ya watu. Akazungumza vizuri sana, nami nikaona fahari. Kisha akatia mkono mfukoni akatoa picha yangu.

Nikajiambia, hana haja ya kusema ni nani. Mgongo hauna jina.

Picha ikaanza kupita mkono kwa mkono. Niliifuata kwa macho kama mtu anavyofuata nyoka ndani ya nyumba. Wanaume wakaguna, wakatikisa vichwa, wakampa jirani. Ikafika safu ya wazee. Karani wa mwami alikuwa amejipenyeza mle mkutanoni, akapaza sauti.

"Huo ni mgongo wa nani? Mbona hata kichwa hauna?"

Watu wakamgeukia.

"Labda ni mwizi wa Kampala," akaendelea. "Labda ni punda! Athumani anapiga picha mpaka punda, mradi alipwe."

Wengine wakacheka. Ndiyo, hata watu wetu walicheka. Kichekesho kilikuwa kizuri, na walikuwa na hofu. Nikamwona Yosia anavyobadilika rangi. Nikamwomba Mungu amfunge kinywa... Wakati huohuo picha ilikuwa imefika kwa Ta Eliazari. Macho yake hayakuona vizuri, kwa hiyo aliileta karibu kabisa na uso.

"Ni mke wangu!" Yosia akapiga kelele. "Mama Kemilembe, yule pale nyuma! Nani anataka kumwita punda?"

Mkutano wote uligeuka kunitazama. Mimi sikuwatazama. Nilimtazama mzee, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimtazama sawasawa. Aliiteremsha picha, akailaza kifudifudi juu ya goti, akavua kofia na kuifunika. Akakaa hivyo, kichwa wazi juani. Kisha akaomba fimbo yake, akaondoka. Hakukohoa alipopita kwetu wanawake. Aliinamisha kichwa tu.

Watu walimshangilia Yosia. Wakamchagua palepale.

Tangu siku ile mzee hakula chakula kilichopikwa na mimi. Hakuwa na hasira, bali mwiko ulikuwa umevunjika, na hakuna aliyejua kama kuona kwenye karatasi ni sawa na kuona kwa macho. Wazee wa ukoo walikaa wakabishana. Mmoja alisema karatasi si mtu. Mwingine akamuuliza, kama karatasi si mtu, mbona mnataka kuwapelekea wazungu?

Mwisho wakapata njia, na wala haikuwa ngumu. Yosia alete mbuzi na pombe ya ndizi. Halafu asimame mbele ya watu walewale wa mkutano, aseme kwamba alimkosea baba yake na alimkosea mkewe kwa kuuonyesha mwili wake bila ruhusa. Basi. Mambo yaishe, nibaki kwangu na mwanangu.

Yosia alikubali mbuzi. Alikubali pombe. Kusimama mbele ya watu alikataa.

Nilimpigia magoti. Akaniambia nielewe. Akisema amekosa, karani atatangaza nchi nzima kwamba kiongozi wa chama amekiri picha ni ya uongo. Wageni watasikia. Watu wote waliopigwa watakuwa wamepigwa bure. "Subiri wageni waje waondoke," akasema. "Kisha nitasimama."

Na mimi nilisubiri. Mzee pia alisubiri. Mama mkwe aliniletea salamu zake, eti ananiambia nivumilie, anamngoja mwanawe. Kahawa ikaiva, tukavuna, tukaanika. Nilipika kwenye jiko langu, mama mkwe akapika kwenye lake, na moshi wa majiko mawili ukatoka ndani ya kibanja kimoja kama watu wasiojuana. Kisimani wanawake walinisengenya. Wakanipa jina, Mama Picha. "Mama Picha, geuka tukuone!" Walikuwa wanawake ambao migomba yao pia ilikatwa.

Wageni wakaja. Picha wakapewa, yangu na zile nyingine za Athumani. Sijui walisemezana nini huko na wakubwa wa serikali, lakini viboko vilikoma. Matarishi hawakuja tena na mapanga, na mwami akahamishwa. Nisiwadanganye wasomaji, picha ile ilisaidia. Kuna watu wanakula ndizi mpaka leo kwa sababu ya mgongo wangu.

Siku ya kusherehekea ushindi huo walimbeba Yosia mabegani. Nikajua sasa atasema. Nilivaa gauni langu la kanisani, nikaenda kumsikiliza. Aliwashukuru wazee, akawashukuru vijana, akamshukuru Athumani. Akashuka.

Nyumbani nilimuuliza kulikoni. Akasema siku ile haikuwa ya kuharibu kwa mambo ya nyumbani.

Mambo ya nyumbani! Mkutanoni nilikuwa ushahidi wa nchi nzima. Ilipofika zamu ya kuniomba radhi, nikawa mambo ya nyumbani...

Ukoo haukuweza kuendelea kuishi na mwiko uliovunjika ndani ya kibanja. Waliamua nirudi kwetu mpaka Yosia atakapotimiza. Mtoto ni wa ukoo, abaki. Kemilembe alinishika sketi, bibi yake akamfungua vidole kimoja kimoja huku na yeye analia. Nilitembea kwa miguu mpaka Kemondo. Baba yangu aliponiona na mzigo akauliza, "Umekosa nini huko kwa watu?"

Nikamjibu, "Nilipigwa."



Yosia hakutimiza. Alizidi kuwa mtu mkubwa, na kadiri alivyokuwa mkubwa ndivyo neno lile lilivyozidi kuwa zito kulisema. Akaoa mwingine. Mwanangu akamwita mwanamke yule mama, na mimi akanisalimia kwa adabu kama anavyosalimiwa mgeni. Ta Eliazari alikufa bado anangoja. Nilikwenda msibani nikakaa pembeni kwenye migomba, hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyenikaribisha.

Juzi juzi, maana kwa umri wangu miaka kumi na tano ni juzi, Yosia alikuja hapa kwangu. Mzee, anatembelea fimbo, mke wake amefariki. Nikampa kiti. Akakaa, akaanza kusema kwamba alinikosea na kwamba anaomba msamaha. Alisema vizuri, kama zamani.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwambia, "Baba Kemilembe, hayo si maneno ya kuniambia mimi sebuleni. Wazee walisema mbele ya watu. Nenda ukayaseme mbele ya watu."

Akaniangalia. "Watu gani, Mama Kemi? Wa mkutano ule? Wamekufa wote."

Ndiyo. Wamekufa wote. Tumebaki yeye na mimi.

Alikunywa chai yake akaondoka. Sikumsindikiza.

Wasomaji wenzangu, siwaambii msipigane na dhuluma. Pigeni picha, wanaopiga watu waonekane. Lakini mwenye jeraha si bendera. Akikwambia waone hawa, wasione wale, hilo ndilo agizo, na hakuna mkutano wala uchaguzi unaoweza kulifuta. Na ukishakosea, simama useme mapema, wangali hai wa kusikia.

Wajukuu wangu siku hizi mna simu. Mtu anapigwa njiani, mnazitoa kabla hamjamwinua. Mwinueni kwanza. Mfunikeni. Muulizeni kama anataka kuonekana, na nani asimwone. Akisema hapana, rudisheni simu mfukoni, hata kama picha ni nzuri kiasi gani.