Mkono Usiosubiri Vidole

Kila jioni fundi cherehani alifunika cherehani yake, akaketi karibu na mama yake. Mama alikuwa ameugua kiharusi. Alielewa kila kitu, lakini maneno hayakumtoka. Muuguzi alisema, "Jaribuni nyimbo kila siku. Wapo wagonjwa wanaoshindwa kusema lakini wanaweza kuimba."

Shida ni kwamba fundi hakujaliwa sauti. Akiimba, hata yeye mwenyewe alicheka. Basi jirani yao, mwalimu wa chekechea, akamwazima ukulele, gitaa dogo la nyuzi nne. Akamfundisha mikao mitatu ya vidole. Hiyo ilitosha kwa wimbo mmoja wa zamani ambao mama aliupenda sana.

Fundi alicharaza, mama akaanza kuimba taratibu. Fundi alipofika mahali pa kubadili vidole, akasimamisha mkono ili avipange. Mama naye akanyamaza. Ikawa hivyo siku nne mfululizo. Siku ya tano mama aligeukia ukutani, hakutaka tena. Fundi alikwenda jikoni akalia.

Asubuhi akabisha hodi kwa jirani. "Mwalimu, chukua kitu chako. Namtesa mama bure."

"Hebu nipigie kwanza."

Akapiga. Mwalimu akaangua kicheko. "Wee fundi, unacharaza kama unashona! Ukifika kwenye kona unasimamisha mguu, unageuza kitambaa, ndipo unaendelea."

"Sasa nisiposimama si nitaharibu?"

"Kwenye nguo, sawa. Lakini anayeimba anafuata mkono wako wa kulia. Ukisimama, unamwacha njiani."

Akamwambia alaze vidole vya kushoto juu ya nyuzi bila kubonyeza. Nyuzi zikatoa chak, chak tu. "Legeza kifundo cha mkono. Shuka kwa ukucha wa kidole cha shahada, panda kwa nyama yake. Chini, juu, chini, juu. Gonga mguu, hesabu moja mpaka nne. Polepole, kama unatembea na mama."

"Na vidole vikichelewa?"

"Vichelewe! Mkono uendelee. Sauti mbovu itapita, hakuna wa kukufunga."

Wiki nzima fundi alijizoeza, dakika kumi asubuhi, kumi mchana. Wateja walimtania, naye akawatania. Chak, chak ikawa inakwenda sawasawa.

Jumapili akaketi tena kando ya mama. Mama alikuwa bado ametazama ukuta. Fundi akaanza, polepole. Baada ya muda mkono wa mama ambao haukupooza ukaanza kugonga paja. Kisha akaimba. Walipofika pale pagumu, kidole kilikosea na nyuzi zikalia vibaya. Lakini mkono wa fundi haukusimama. Mama akalipita kosa lile, akaimba mpaka mwisho, maneno yote.

Fundi akaweka ukulele chini, akafuta machozi kwa upindo wa gauni lake. Mama akamtazama, akakunja uso, akagonga paja.

"Tena," akasema.

Hilo halikuwa neno la wimbo. Lilikuwa lake mwenyewe.