Friji ya Chanjo na Ahadi ya Miaka Miwili

Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza cha nyumba yangu ndiyo ofisi yangu, na mdomo wangu ndio saa ya mtaa. Ukinisikia nagomba, ujue kumekucha.

Asubuhi hiyo nilikuwa naweka zipu kwenye sketi ya shule. Binti yangu akatokea, mtoto mgongoni, uso umemshuka.

"Haya, mume wangu kachanjwa?" nikamuuliza. Mume wangu ni mjukuu wangu. Ana miezi kumi na hana hata jino la maana.

"Hajachanjwa, mama. Umeme ulikatika tena juzi. Friji ya zahanati ikapata joto, chanjo zote zikaharibika."

"Mara ya tatu hii!"

"Mara ya tatu. Na huko mtaa wa pili kuna mtoto ana surua. Amelazwa tangu jana."

Nikaiacha zipu. Mimi nilizaa watoto wawili. Mmoja alichukuliwa na surua kabla hajafikisha mwaka. Naiogopa surua kuliko ninavyoogopa moto, na sioni haya kusema.

Mara tukasikia hodi. Ni jirani yetu, tunamwita Bi Miwani. Yeye ni mkaguzi wa ndani wa halmashauri, na alihamishiwa hapa miezi miwili tu iliyopita. Alikuja kufuata gauni lake.

"Karibu, mdogo wangu. Gauni lako kesho," nikamwahi.

"Jana ulisema kesho, dada. Juzi pia ulisema kesho."

"Ya leo ni kesho ya kweli."

Binti yangu akacheka kidogo, kisha machozi yakamtoka. Bi Miwani akauliza kulikoni. Tukamweleza yote. Akavua miwani, akaifuta polepole.

"Friji ya chanjo ya zahanati? Nimesoma habari zake wiki iliyopita, kwenye ripoti ya zamani."

"Ripoti? Kwani wewe si polisi wa halmashauri?"

"Polisi wapi, dada! Mkaguzi wa ndani anapita kwenye kazi za halmashauri: zahanati, barabara, maghala. Akiona kasoro, anaandika nini kifanyike. Hayo yanaitwa mapendekezo. Mkuu wa idara akiyakubali, anaahidi tarehe. Sasa mkaguzi aliyenitangulia aliandika hivi: friji ya chanjo ifungiwe umeme wa jua, ili umeme wa kawaida ukikatika, isizimike. Wakaahidi miezi mitatu."

"Lini hiyo?"

"Miaka miwili iliyopita."

"Makubwa! Ahadi si deni siku hizi?"

"Kila baada ya miezi mitatu wanaulizwa. Jibu ni lile lile: utekelezaji unaendelea. Na anayetakiwa kutekeleza ameandikwa 'idara husika'. Hakuna jina la mtu. Wewe ukiandika kwenye daftari lako 'gauni la mteja husika', utamfuata nani?"

"Nitalivaa mwenyewe," nikasema. "Sasa utawaandikia barua?"

"Barua zimeandikwa saba. Ya nane ni kumpigia mbuzi gitaa. Nitakwenda kuangalia kwa macho yangu. Mafaili siwezi kukuonyesha, dada. Lakini Alhamisi baraza la madiwani linakaa, na kikao ni cha wazi. Mwananchi yeyote anaruhusiwa kusikiliza. Njoo."

Nilikwenda, na gauni lake nililipeleka. Nililimaliza alfajiri ile ile, lakini nilimaliza.

Ukumbini nilikaa nyuma na wananchi wenzangu, kwenye viti vya plastiki. Bi Miwani alisimama mbele na karatasi zake.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mapendekezo yaliyopitwa na tarehe ni kumi na tisa. Naomba nianze na la friji ya chanjo."

Mkuu wa Afya akainuka, tai imenyooka. "Mheshimiwa, utekelezaji unaendelea."

"Nani anatekeleza?" Bi Miwani akauliza.

"Idara husika."

"Anaitwa nani huyo Idara Husika?"

Watu wakaguna. Mkuu wa Afya akashika tai yake. Bi Miwani akainua picha kubwa.

"Jumanne nilikwenda ghalani. Paneli nne za umeme wa jua ziko pale, na betri mbili. Zilifika mwaka jana. Buibui wameshahamia."

Mwenyekiti akaitazama ile picha, kisha akawatazama wakuu wake. "Kwa nini hazijafungwa?"

"Kufunga ni kazi ya Ujenzi, mheshimiwa," akasema Mkuu wa Afya. "Nasubiri barua yao kwamba wako tayari."

Mkuu wa Ujenzi, bwana mnene mwenye sauti ya upole, naye akasimama. "Sisi tuko tayari siku zote. Tunasubiri barua ya Afya ya kutuomba. Bila barua, siwezi kupanda paa la watu."

"Ofisi zenu ziko wapi?"

"Zinatazamana, mheshimiwa. Mlango kwa mlango."

"Na mnaonana?"

"Kila siku. Hata chai tunakunywa pamoja."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nikanyoosha mkono, na mwenyekiti akaniruhusu.

"Mheshimiwa, mimi ni fundi cherehani. Neno kesho mimi ndiye mwalimu wake." Wakacheka tena. "Lakini nikichelewesha gauni, mtu atavaa la zamani. Mtoto asiyechanjwa avae nini? Mmoja nilishamzika. Mjukuu wangu sitamzika kwa sababu watu wawili wanaokunywa chai pamoja wanasubiriana barua."

Hakuna aliyecheka tena. Mkuu wa Afya aliinamisha kichwa, na nadhani aliona aibu kweli.

Mwenyekiti akamwambia katibu aandike. "Vifaa vikabidhiwe leo. Mkuu wa Afya, wewe, kwa jina lako. Mwisho wa kuvifunga ni Jumatano ijayo. Mkuu wa Ujenzi, wewe, kwa jina lako. Na mkaguzi asiandike kwamba kazi imekamilika mpaka aione. Hayo mengine kumi na nane yawe hivyo hivyo. Kila moja liwe na mtu wake, tarehe yake na ushahidi wake. Orodha ibandikwe pale nje, wananchi waisome."

Jumatano Mkuu wa Ujenzi akampigia simu Bi Miwani. "Imefungwa, unaweza kuandika."

"Hongera," Bi Miwani akajibu. "Nakuja."

Nilikuwepo zahanati, sikutaka kusimuliwa. Paneli zinang'aa juu ya paa. Mkuu wa Ujenzi anatabasamu. Bi Miwani akaenda moja kwa moja ukutani, akazima swichi kubwa ya umeme wa kawaida. Friji ikanyamaza kimya.

"Hii ndiyo imefungwa?"

Yule bwana akatoa leso, akajifuta shingo. Fundi umeme akakagua, akakuta waya wa kutoka kwenye betri haujaunganishwa. Saa nzima alihangaika nao. Bi Miwani akazima swichi tena. Safari hii friji ikaendelea kunguruma. Hata hivyo hakuondoka. Alikaa pale kwa saa tatu nzima, kila baada ya muda akisoma kipimajoto cha friji. Ndipo akatoa kalamu.

"Ungeiamini ile simu?" nikamuuliza njiani.

"Mtangulizi wangu aliamini majibu ya barua saba, dada."

Wiki mbili baadaye chanjo zikaletwa. Nilipopita halmashauri siku hiyo nilisoma orodha pale ubaoni. Mapendekezo saba yalikuwa yamekamilika, na katika yaliyobaki, kila moja lilikuwa na jina la mtu. Watu walikuwa wamesimama wakinyoosheana vidole na kutaniana.

Zahanati ilijaa kina mama. Mbele yetu walikuwa wamebaki wawili, halafu mmoja. Binti yangu akaanza kumvua mtoto shati.

Hapo hapo taa zikazimika.

Feni ilizunguka mara ya mwisho, ikasimama. Mama aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Basi tena, turudi nyumbani." Muuguzi aliinama mbele ya friji, akasogeza uso karibu na kipimajoto. Friji ilikuwa inanguruma kama kawaida.

"Nyuzi nne, chanjo ziko salama," akasema. "Anayefuata!"

Anayefuata alikuwa mume wangu. Alidungwa sindano, akapiga ukelele wa kuamsha mtaa. Binti yangu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilipiga vigelegele mpaka muuguzi akaniomba nikapigie nje. Nikatoka nikiendelea navyo, na foleni nzima ya kina mama ikanipokea.